Muziki wa Kilo Saba

Vikundi vikubwa vya taarab vya Unguja vilizoea kusafiri kama nyumba inayohama: fidla kadhaa, udi, ganuni, kodiani, besi lenye kimo cha mtu mzima, dumbaki, waimbaji na waitikiaji wao. Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, kilichoundwa mwaka 1958, ndivyo vilivyotulea katika desturi hiyo, nasi hatuna sababu ya kuionea haya. Lakini kila ajuaye hesabu ya nauli ya boti kutoka Malindi hadi Mkoani anafahamu kwamba kundi la watu ishirini na tano haliendi Pemba ila kwa mwaliko wa Serikali au wa tajiri. Fakaifa Mombasa, fakaifa Maskati.

Ndiyo maana leo tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo kwa safu hii, nalo ni begi la kijana anayetunga muziki kwa vyombo vya umeme. Vijana wa namna hiyo wapo Michenzani, wapo Wete na wapo Chake Chake. Husafiri aghlabu peke yao, wakitafuta mafunzo na jukwaa, na muziki wa visiwa hivi utakaosikika ugenini katika miaka ijayo, sehemu yake kubwa itabebwa mgongoni mwao. Swali lao ni moja: ninunue nini? Majibu wanayopewa hutoka katika madirisha ya maduka, ambako chombo chenye taa nyingi ndicho bora. Sisi tunasema swali lianze na safari, si na duka.

Jambo lenyewe si geni katika pwani hii. Katika miaka ya 1990 mitaa ya Dar es Salaam ilikuwa ikikesha kwa mchiriku. Vijana wasio na fedha za gitaa walitwaa kinanda kidogo cha Casio, kilichotengenezwa Japani kwa matumizi ya nyumbani, wakakiunganisha na amplifaya chakavu na spika za honi, wakazungusha ngoma pembeni, na mtaa mzima ukatoka nje. Kundi la Jagwa Music lilipotoa albamu yake "Bongo Hotheads" mwaka 2012, wasikilizaji wa Ulaya walistaajabu kwamba kelele nzito kiasi kile yatoka katika kinanda cha kwapani. Baadaye ikaja singeli, iliyozichukua ala za taarab na kuzikimbiza kwa kompyuta, na mkusanyo wa "Sounds of Sisso", uliotolewa Kampala mwaka 2017, ukaifikisha mbali. Waliofanya hayo hawakuwa na vyombo vingi. Walikuwa na kimoja, na walikijua hadi kitufe cha mwisho.

Mfano wa pili ni wa Mhabeshi, Hailu Mergia. Alikwenda Marekani na Walias Band mwaka 1981 akabaki huko, na mwaka 1985 akatoa kaseti aliyoipiga peke yake kwa kodiani, vinanda vya umeme na mashine ya midundo. Kwa miaka mingi aliendesha teksi, na ndani ya buti ya gari lake kilikaa kinanda cha betri. Akiwa anasubiri abiria uwanja wa ndege, alikitoa akafanya mazoezi. Hatudhani kwamba chombo cha kuchomeka ukutani kingemsaidia hata siku moja.

Hapo ndipo penye sharti la kwanza: betri. Wasomaji wetu hawahitaji kukumbushwa giza la mwaka 2008, lililodumu karibu mwezi mzima Unguja, wala lile la Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa chini ya bahari uliofika mwaka 2013 umeleta nafuu kubwa, lakini msafiri halali kwake kila siku. Atalala leo Makunduchi, kesho Tanga, mtondo katika basi. Chombo kinachodai chaja yake peke yake, yenye kichwa kisichopatikana dukani, kikiharibikiwa njiani kimekuwa jiwe. Bora kinachotumia betri zilezile za saa ya ukutani, ambazo hata duka la Micheweni halizikosi, au kinachochajiwa kwa waya wa simu.

Kwa hicho cha pili pawabenki inahitajika, na hapa pana kanuni za ndege ambazo vijana wengi huzigundua wakiwa tayari kaunta. Pawabenki haitiwi katika mzigo wa chini, hubebwa mkononi. Kipimo kinachoruhusiwa bila ya idhini ya shirika la ndege ni wati-saa 100. Pawabenki ya kawaida ya 20,000 ina wati-saa 74 hivi, kwa hiyo inapita. Mashirika mengi huweka kilo 7 kuwa kikomo cha mzigo wa mkononi, na kilo 7 hizo ndizo tunazozihesabu hapa, pamoja na nguo na kanzu ya jukwaani.

Sharti la pili ndilo linalotugusa zaidi, na hatujapata kuona likitajwa na wauzaji. Kinanda cha kawaida kimegawa sauti katika hatua 12 zilizo sawasawa. Sasa, noti ya pili ya Bayati na noti ya tatu ya Rasti hazikai juu ya kitufe chochote. Zinakaa katikati ya viwili. Udi na fidla huzipata kwa kidole, na mpiga ganuni huzipata kwa kugeuza vijichuma vyake. Kinanda hakizipati. Kodiani nayo, tuseme kweli, ilikuwa imeshaanza kutuzoesha kuziruka kabla ya vinanda vya umeme, na taarab ya rusha roho ikaikamilisha kazi hiyo. Kijana aliyekulia juu ya kinanda kisichogeuzika atatunga maisha yake yote bila ya noti ambazo babu yake aliziimba bila ya kujua jina lake.

Vinanda vikubwa vilivyoundwa kwa soko la Kiarabu vina vitufe vya kugeuza noti hizo, lakini havisafiri kwa mkono. Vidogo vipo vichache. Kimoja ni Korg monologue, kilichotoka mwaka 2017: kilo 1.7, betri sita za saa ya ukutani, na mpigaji anaweza kuipanga upya kila noti apendavyo. Hutoa sauti moja kwa wakati mmoja, na wapo wanaokidharau kwa hilo. Kwa mwenye kupiga nyimbo za kwetu si dharau. Udi nao mara nyingi husema neno moja kwa wakati.

Chombo cha pili kiwe cha kunasa sauti, kuikata na kuirudia. Roland SP-404MKII ya mwaka 2021 ina kilo 1.1 na hutumia betri sita za aina ileile. Kwa asiye na uwezo huo, kipo kidude cha Kiswidi kiitwacho PO-33, cha mwaka 2018, mfano wa kikokotoo, chenye betri mbili za rimoti na nafasi ya sekunde 40 tu za sauti. Sekunde 40 zinatosha kubeba msondo, adhana ya muuza kahawa kwa vikombe vyake, na mkupuo mmoja wa ganuni. Ila huyo mzee wa ganuni aombwe ruhusa kwanza, na alipwe.

Simu? Simu inatosha kuanzia, na ndani yake zimo programu zinazotunga na kurekodi vizuri. Jukwaani tunaiogopa, kwani ni chombo kinachoweza kupigiwa na shangazi katikati ya wimbo. Hedifoni ziwe za waya. Zisizo na waya huchelewesha sauti, na mpigaji akisikia kitufe chake baada ya kukibonyeza, mdundo umeshampita.

Kwa maafisa wanaosoma safu hii tuna maneno mawili. Bandarini na viwanja vya ndege, kijana mwenye vinanda viwili na nyaya si mfanyabiashara anayeingiza bidhaa. Ni fundi na vifaa vyake, sawa na seremala na randa yake. Naye asaidie kwa kubeba orodha yenye namba za vyombo na nakala za risiti. La pili ni kwa wenye dhamana ya utamaduni. Si lazima kila kijana anunue. Begi moja kama hilo likiwekwa katika kila wilaya, likaazimwa kwa wiki mbili mbili kwa daftari na sahihi kama kitabu cha maktaba, litafundisha wengi kuliko kinanda kimoja kikubwa kilichofungiwa ofisini. Tungependa begi la kwanza liende Pemba, ambako njia ya kufika katika mafunzo ni ndefu zaidi.

Limebaki la chumvi. Upepo wa bahari hula shaba, na boti ya asubuhi huwalowesha hata waliokaa ndani. Vyombo vifungwe katika mfuko wa plastiki pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, na betri zitolewe safari inapokuwa ndefu. Nyaya zibebwe mbili mbili. Na kichwa cha kubadilisha jeki ndogo kuwa jeki kubwa ya gitaa kifungwe kwa uzi kwenye begi lenyewe, kwani usiku wa onyesho hakuna duka lililo wazi.