Kuweka waya wa meno: yafaa?

Tumeulizwa kutoka Wambaa: binti ambaye meno yake yamepandana, yafaa awekwe waya? Yafaa. Meno yaliyopandana hushika mabaki ya chakula yakaoza. Kuyanyoosha ni matibabu, sawa na kuziba tundu au kuweka jino la bandia. Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua vitani, akaweka ya fedha, ikanuka, Mtume (s.a.w.) akamuamuru aweke ya dhahabu. Wanavyuoni wakachukua hapo ruhusa ya jino la dhahabu kwa mwenye haja, hata mwanamume.

Lililokatazwa, kwa Hadithi ya Ibn Mas'ud katika Bukhari na Muslim, ni kuchonga meno mazima kutafuta mwanya wa urembo. Nasi watu wa pwani mwanya twaupenda mno! Aliyezaliwa nao hana neno.

Waya hauharibu udhu wala josho. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kusukutua ni sunna.