MFANO SI KITU CHENYEWE

Leo tuzungumze juu ya mifano. Ramani ni mfano. Inatuonyesha mto Rufiji wote kwenye karatasi moja, bila kupanda mtumbwi. Lakini ramani si mto. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mto ulihama kwenye delta. Maji mengi yaliacha midomo ya kusini yakaenda kaskazini, na wakulima wa mpunga wakayafuata. Ramani ya zamani ikawa haisemi kweli tena.

Wataalamu nao hufanya mifano kwa hesabu. Hupima mvua na kina cha mto, kisha hukadiria: mvua ikinyesha kiasi hiki huko juu, maji yatafika wapi huku kwetu? Mfano huo huitwa modeli. Unasaidia sana, maana hakuna awezaye kuleta mafuriko ya kweli ili ajaribu tu.

Maisha ya watu pia hufanyiwa mifano. Baada ya mafuriko ya 1968, Serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni, wakakae vijiji vya Ujamaa huko juu, pakavu. Mfano ulikuwa mzuri: nyumba pamoja, huduma karibu. Ila jambo moja halikupewa uzito: shamba liko bondeni. Mafuriko huleta udongo wenye rutuba, na maji yakishuka watu hulima mlau. Basi wakulima wakawa wanatembea mwendo mrefu, na kulala kwenye madungu ili kulinda mazao.

Je, tuitupe mifano? La, hasha! Hata mzee akisema, "Maji hayavuki mwembe ule," naye anatumia mfano. Ameupima mto kwa macho miaka mingi. Lakini Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Mto umebadilika. Na Aprili 2024 mafuriko yaliingia mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Kwa hiyo mfano wa mzee na mfano wa mtaalamu, yote yataka kupimwa upya.

Siku mtakapoletewa mpango mkutanoni, mwulizeni mletaji: Umepima wapi? Umepima lini? Umeacha nini? Nanyi mwonyesheni maji yalipofika 2024, na mashamba yenu yalipo. Yeye ana hesabu, ninyi mna bonde. Mkikaa pamoja, mfano utakaribia ukweli, na nyumba zitajengwa mahali pa salama.