Presha ya 134/86: ni umri tu?

Umemsindikiza mama duka la dawa kununua dawa ya kikohozi. Pale kaunta kuna mashine ya presha, basi muuzaji anampima. Inasoma 134/86. "Imepanda kidogo," anasema, "ila kwa miaka 48 ni kawaida." Mama anacheka, mnaondoka zenu.

Leo tuliangalie hilo neno "kawaida". Presha kupanda kidogo katika umri huo ni jambo linalowapata wengi, hilo kweli. Lakini kinachowapata wengi kinaweza kuwa kibaya vilevile. Na je, ni umri unaoipandisha?

Namba zenyewe

Namba ya juu ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa pale moyo unapojikaza. Ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapolegea kabla ya pigo linalofuata. Zote hupimwa kwa milimita za zebaki.

Nchi nyingi huhesabu kwamba mtu ana ugonjwa wa shinikizo la damu kuanzia 140/90. Marekani walishusha mstari huo hadi 130/80 mwaka 2017. Kwa hiyo mtu mwenye 134/86 kila anapopimwa anahesabiwa mgonjwa kule, na kwingine anaambiwa bado. Mishipa yake ni ileile. Mstari tumeuchora sisi ili daktari ajue wapi pa kuanzia. Mwili hauna mahali unapovuka kutoka salama kwenda hatari.

Kisa cha Nyanza

Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kupima presha za watu wapatao 1,000 huko Nyanza, magharibi mwa Kenya. Hadi miaka 40 hivi, presha zao zilikaribiana na za Wazungu. Baada ya hapo za Wazungu ziliendelea kupanda, lakini za watu wa Nyanza hazikupanda, bali zilielekea kushuka.

Ungeweza kusema: basi Mwafrika ana damu ya tofauti, presha si ugonjwa wake. Kuna waliosema hivyo kwa miaka mingi. Jibu lilitoka Nyanza hukohuko. Watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalitoka mwaka 1990 katika jarida la BMJ. Ndani ya miezi michache tu ya kuishi mjini, namba ya juu ya wahamiaji ilikuwa imewazidi waliobaki kijijini. Kabila ni lilelile, na umri ulilinganishwa. Mkojo wao ulionyesha kilichobadilika: sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ilikuwa nyingi zaidi ikilinganishwa na potasiamu, ambayo tunaipata kwenye maharage, mboga za majani, ndizi na viazi vitamu. Uzito wao nao ulikuwa juu zaidi.

Kumbe basi umri peke yake hautoshi kueleza. Sodiamu ikizidi, mwili hushikilia maji, damu huongezeka kwenye mishipa na msukumo unapanda. Potasiamu husaidia figo kuitoa sodiamu hiyo. Ukiishi hivyo miaka ishirini, mishipa inakakamaa, na mshipa mgumu hupandisha presha zaidi. Ndiyo maana tunadhani ni umri: umri ndio muda ambao mambo hayo yamepata kufanya kazi.

"Kidogo" ni kiasi gani?

Mwaka 2002 watafiti waliunganisha takwimu za tafiti 61 zenye watu wazima wapatao milioni moja. Kwa wenye umri wa miaka 40 hadi 69, kuanzia presha ya 115/75, kila namba ya juu ilipozidi kwa 20, au ya chini kwa 10, uwezekano wa kufa kwa kiharusi au kwa mishipa ya moyo kuziba uliongezeka takriban mara mbili.

Usitishike. Kama uwezekano ulikuwa mdogo, mara mbili yake bado inaweza kuwa ndogo kwa mtu mmoja. Ila hakuna maumivu ya kumkumbusha mtu. Moyo unasukuma dhidi ya ukinzani mkubwa zaidi, msuli wake unanenepa polepole, na mwenyewe anaendelea na shughuli zake.

Sasa ufanye nini na mama?

Mpime tena, kwa utaratibu. Kipimo kimoja cha kaunta, mtu ametoka kutembea juani na bado anapiga soga, hakithibitishi kitu. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono umelazwa usawa wa moyo. Asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa kabla. Pima mara mbili, rudia siku nyingine, na uandike.

Ikiwa namba zinabaki hapohapo, anza na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, yaani isifike kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha na ile iliyojificha kwenye mkate, krispi na vile vidonge vya kuungia mchuzi. Mboga na maharage viongezeke. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza, maana potasiamu inaweza kumdhuru. Kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki, kupunguza uzito uliozidi na kupunguza pombe navyo vinasaidia.

Kwa mtu asiye na tatizo lingine, dawa kwa kawaida huanza presha inapobaki 140/90 au zaidi. Mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari au figo anaweza kuhitaji dawa hata namba ya juu ikiwa 130 na kitu, kwa hiyo asisubiri, aende kliniki. Aliyekwisha kuandikiwa dawa asiziache eti kwa sababu amepunguza chumvi. Na ukikuta 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, au mkono na uso kulegea upande mmoja, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo.

Mama wa miaka 48 mwenye 134/86 hajachelewa. Kwa wengi, namba hizo bado zinaweza kushuka kwa kubadili kinachoingia sufuriani na kwa kutembea. Akisubiri hadi mishipa ikakamae, kazi itakuwa ngumu zaidi. Jioni ya leo mpigie simu, umuulize mara ya mwisho alipimwa lini, na ilisoma ngapi.