Sola ya Kambini: Nunua kwa Hesabu ya Jua la Julai

Ukitoka Kitengela kwa barabara ya Namanga, ukapita Isinya na mji wa Kajiado, kila njia ya vumbi unayokunja inakuweka mbali zaidi na nguzo za umeme. Mbali na nguzo hizo ndiko wapenzi wa kambi wanakotaka kufika: Amboseli, Olorgesailie, Ziwa Magadi. Wanakwenda na magari ya kulala ndani au yenye hema juu, wakiwa na friji, taa, simu na kompyuta, na tegemeo lao ni jua.

Sola si ngeni Kajiado. Upande wa Magadi, wanawake wa Kimaasai walifunzwa kuifunga, wakawa wanapeleka vifaa boma kwa boma kwa punda. Anayepiga kambi anahitaji jambo lile lile linalohitajika bomani: kujua matumizi yake kabla ya kutoa pesa.

Dukani swali la kwanza huwa, "Paneli ya wati ngapi?" Linalopaswa kutangulia ni hili: kwa siku nitatumia wati-saa ngapi? Wati huonyesha kasi ya kutumia umeme. Wati-saa ndiyo jumla yake: taa ya wati 5 ikiwaka saa 4 imekula wati-saa 20.

Tuchukue familia ya watu wanne. Kuchaji simu nne ni kama wati-saa 60. Taa tatu za namna hiyo ni 60 nyingine. Kompyuta moja ni 60 tena. Friji ndogo ya volti 12 yenye kompresa ya wati 45, ikizunguka theluthi moja ya muda, hula 360 kwa siku nzima. Jumla ni 540, na ukiongeza umeme unaopotea katika nyaya na betri inafika 675 hivi. Friji peke yake imebeba theluthi mbili ya mzigo wote. Kwa hiyo amua kwanza kama utaibeba, ndipo uzungumzie paneli.

Nambari iliyoandikwa nyuma ya paneli hupimwa maabara, seli zikiwa na nyuzi joto 25 na mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Adhuhuri ya Magadi haiko hivyo. Paneli inaweza kufika nyuzi 60, na kila nyuzi moja juu ya 25 hupunguza nguvu kwa asilimia 0.3 hadi 0.4. Hapo tu umepoteza zaidi ya asilimia 10, kabla ya vumbi na nyaya. Ni busara kutarajia robo tatu ya kilichoandikwa. Anayeifunga juu ya gari aache nafasi ya upepo kupita chini yake.

Kisha fikiria msimu. Siku nzuri hapa huleta mwanga unaolingana na saa 5 za jua kamili au zaidi. Lakini kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hutanda Kitengela, na ni salama kuhesabu saa 3 na nusu. Kwa saa 5, familia yetu inahitaji paneli ya wati 180. Kwa saa 3 na nusu inahitaji karibu 260. Ikiacha friji nyumbani, wati 100 zinatosha hata Julai. Anayenunua kwa hesabu ya Februari ataona maziwa yakichacha Julai.

Vijitabu vingi vya maelekezo husema paneli ielekee kusini, kwa sababu viliandikiwa watu wa Ulaya na Marekani. Kajiado iko karibu nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la saa sita mchana hupita kaskazini yetu, na Desemba hupita kusini. Paneli iliyolazwa bapa hupoteza karibu asilimia 10 tu saa hiyo. Faida ya kuigeuza ni kubwa zaidi asubuhi na jioni.

Hapo ndipo paneli ya kukunja inapoishinda ile ya juu ya gari. Gari linakaa chini ya mgunga, watu wanapumua, na paneli iko mita kadhaa mbali, juani. Kivuli kidogo kina madhara makubwa: seli zimeunganishwa kwa mfuatano, na moja ikifunikwa inabana umeme wa wenzake kama mpira wa maji uliokanyagwa. Tawi jembamba tu laweza kukunyima theluthi ya umeme.

Umbali huo unadai kebo nene. Paneli ya wati 200 hutoa ampea 11 hivi. Katika kebo ya mita 10 yenye unene wa milimita za mraba 2.5, volti moja na nusu hupotelea njiani. Yenye unene wa 6 hupoteza chini ya nusu ya hiyo. Chagua pia kontrola ya chaji, kifaa cha katikati ya paneli na betri, ya aina ya MPPT. Ile ya bei nafuu, PWM, huishusha paneli ya volti 18 hadi volti za betri, na robo ya nguvu inapotea.

Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu utumie nusu: 600, pungufu ya siku moja ya familia yetu. Ya lithiamu aina ya LiFePO4 yenye ukubwa huo hukupa zaidi ya 1,000 bila kuumia. Ni ghali, ila huchajika mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka. Usiiache ndani ya gari lililofungwa juani, maana joto huizeesha haraka.

Kabla ya safari, tandaza vifaa vyote nyumbani, washa friji, chaji simu, ukae siku mbili bila kugusa umeme wa nyumba. Betri ikiishiwa usiku, ongeza paneli au punguza mzigo. Kitengela fundi na duka viko karibu. Kando ya Ziwa Magadi utabaki na ulichobeba.