Mwalimu wa Kichina Anatafutwa Kisumu

Mabondo ya mbuta wanaovuliwa katika Ziwa Victoria hayaishii jikoni kwetu. Yanatolewa, yanakaushwa, yanapimwa, kisha yanasafirishwa hadi Hong Kong na China bara, ambako supu yake ni chakula cha wenye nazo. Nao ngege wa kufugwa kutoka China wanatufikia wakiwa wamegandishwa ndani ya makatoni, biashara iliyowakasirisha wavuvi kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ilijaribu kuizuia. Mafundi wa Kichina wamejenga barabara kote nchini, na hapa Kisumu kumwona msimamizi Mchina akibishania bei ya nyanya katika soko la Kibuye hakumgeuzi mtu shingo. Lakini jaribu kumtafutia mtoto wa miaka mitano mwalimu wa Kichina katika mji huu, uone utakavyozungushwa.

Wanaomtafuta si wengi, ila wapo. Ni familia za wataalamu wa kigeni wanaokaa Milimani au juu kule Riat: mtafiti wa Kisian, ambako KEMRI na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, wamefanya kazi pamoja tangu 1979, mhandisi, daktari, afisa wa shirika la misaada. Baadhi yao wamehamia kutoka Shanghai au Singapore, na watoto wamekuja na Kichina chao ambacho kinaanza kuchuja. Kwa wengine, baba au mama mwenyewe ni Mchina, na anataka mwanawe aweze kusema na nyanya yake kwa simu bila mkalimani. Halafu kuna wale waliosikia tu kwamba hii ndiyo lugha ya kesho. Hawa wa mwisho nawaelewa, lakini siwahurumii sana. Mtoto hajui kesho, anajua leo jioni atacheza na nani.

Mahali pa kwanza mzazi anapoelekezwa ni Taasisi ya Confucius. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua yake Desemba 2005 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Tianjin, nayo ikawa ya kwanza barani Afrika. Baadaye zikafuata za Kenyatta, Egerton na Moi. Hakuna hata moja iliyo Kisumu. Ya Moi, inayoshirikiana na Chuo Kikuu cha Donghua cha Shanghai, iko upande wa Eldoret. Ya Egerton iko Njoro. Zote mbili ni safari ya zaidi ya kilomita 100, na hata ukifika utakuta zimeundwa kwa ajili ya vijana wa chuo wanaotaka cheti, ufadhili wa masomo au kazi. Mtoto anayelala saa mbili usiku akimkumbatia sungura wa kitambaa hayumo katika hesabu yao.

Serikali nayo iliwahi kutia watu matumaini. Januari 2019 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilitangaza kwamba Kichina kingefundishwa kuanzia gredi ya nne mwaka 2020, kama somo la hiari pamoja na Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu. Magazeti yalijaa mjadala: wengine wakaona ukoloni mpya, wengine wakaona ajira. Mtaala ukaandikwa. Mwalimu, lakini, haandikwi kama mtaala. Na hata pale anapopatikana, gredi ya nne ni mtoto wa miaka tisa au kumi.

Kwani Wakenya wanaojua Kichina wako wapi? Wapo, tena wengi kuliko tunavyodhani. Wamepita katika taasisi hizo, wamekwenda Tianjin au Jinan kwa ufadhili, wamerudi. Ila kampuni ya ujenzi inayohitaji mkalimani inawalipa kuliko mzazi anayetaka saa moja kila Jumamosi. Tangu reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi ianze kubeba abiria mwaka 2017, kijana anayeweza kusimama kati ya fundi Mchina na kibarua Mkenya amekuwa mali. Ukimpata mmoja aliyerudi nyumbani Kisumu akisubiri kandarasi, mshike upesi, na ujue kwamba kandarasi ikija ataondoka.

Kwa hiyo wengi huishia kwenye tableti. China ilipobana biashara ya masomo ya ziada Julai 2021, baadhi ya kampuni za mafunzo ziligeukia watoto walio nje ya nchi, na mwalimu wa Beijing akapatikana kwa urahisi kuliko fundi wa mabomba wa Kondele. Tatizo la kwanza ni saa. Beijing iko mbele yetu kwa saa tano. Mtoto akitoka shule saa kumi jioni, mwalimu kule yuko saa tatu usiku, amechoka, anatabasamu kwa nguvu. Jumamosi saa tatu asubuhi ni afadhali, maana kule ni saa nane mchana. La pili ni stima na mtandao, ambavyo havihitaji maelezo kwa msomaji wa Kisumu.

Lakini la tatu ndilo kubwa. Niliwahi kukaa barazani Riat nikatazama somo la aina hiyo. Mwalimu ndani ya kioo alikuwa akichora toni hewani kwa kidole: mkono ukishuka kisha ukipanda, kisha ukianguka moja kwa moja. Mvulana alikuwa akirudia vizuri tu, macho yakitangatanga. Mara sauti ikatoka jikoni, “Bi ichiem!” Yaya anamwita aje ale. Mtoto, aliyezaliwa Ulaya na wazazi wasiojua neno zaidi ya “amosi”, akajibu bila kufikiri, “Abiro!” akashuka kitini na kumwacha mwalimu wake wa Beijing akiongea na mto wa kochi.

Hakuna aliyelipa mtu amfundishe mtoto yule Kijaluo. Kilimwingia kwa sababu mwenye chakula, mwenye hadithi na mwenye kumfunga kamba za viatu anakisema. Wanasayansi walishalipima jambo hili, tena kwa Kichina chenyewe. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, waliwachukua watoto wa Kimarekani wa miezi tisa wakawaketisha na watu waliozaliwa na Kichina, wakacheza nao na kuwasomea vitabu kwa vipindi 12 vya dakika 25. Mwishoni watoto hao waliweza kutofautisha sauti za Kichina sawa na watoto wa Taiwan. Kundi jingine lilipewa watu wale wale, maneno yale yale, muda ule ule, ila kupitia runinga au kinasa sauti. Halikujifunza kitu. Hao walikuwa wachanga, na mtoto wa miaka mitano anaweza kuambulia kitu kwenye kioo, hasa kama kioo kinamjibu; lakini mzazi anayeuza gari ili anunue kifurushi cha mwaka mzima cha masomo ya mtandaoni angepaswa kuusoma utafiti ule kwanza.

Yaya yule ana mchango mwingine ambao hakuna anayemshukuru. Kijaluo ni lugha ya toni, kama zilivyo Kiluhya na Kikisii za majirani. Kiswahili kiliiacha toni zamani, na Kiingereza hakijawahi kuwa nayo. Toni za Kijaluo si zile za Kichina. Zetu mara nyingi hukaa juu au chini, za Kichina nyingi hupanda au kushuka ndani ya silabi moja. Hata hivyo sikio lililozoea kwamba mwinuko wa sauti unabadilisha maana halitashangaa likiambiwa kwamba Kichina cha kununua ni “mai” inayoshuka kisha kuinuka, na cha kuuza ni “mai” inayoanguka. Pale Kibuye kosa hilo lingekutia hasara. Kwa hiyo ninapomsikia mzazi akimwambia yaya aseme na mtoto Kiingereza tu “ili asichanganyikiwe”, huku akihangaika kutafuta mwalimu wa toni kutoka bara jingine, nabaki nikitikisa kichwa.

Wale waliotoka Shanghai na wanaoona lugha ya mtoto ikififia wana sababu ya kutokata tamaa. Mwaka 2014 watafiti wa Montreal, wakiwemo Lara Pierce na Fred Genesee, waliwachunguza wasichana waliozaliwa China wakaasiliwa na familia zinazosema Kifaransa wangali wachanga. Hawakukumbuka neno hata moja la Kichina. Lakini walipowekewa toni, ubongo wao ulizishughulikia kama ubongo wa anayekisema Kichina, si kama wa anayesema Kifaransa tu. Kilichosahauliwa kilikuwa kimeacha nyayo. Basi kama mwanao alisema Kichina hadi miaka mitatu kisha akahamia huku ziwani, hata kuzisikia tu sauti zile kila wiki kutoka kwa mtu anayempenda si kazi bure.

Mji huu una kumbukumbu ya jinsi lugha ya mbali inavyotunzwa. Reli ilifika hapa mwaka 1901, pakiitwa Port Florence, na nyuma yake wakaja wenye maduka kutoka Gujarat na Punjab. Zaidi ya karne moja baadaye bado unakisikia Kigujarati nyuma ya kaunta za maduka ya katikati ya mji, kikisemwa na vijana ambao babu zao walizaliwa hapa hapa. Shule zilisaidia, mahekalu na gurudwara vikasaidia. Lakini muulize yeyote kati yao nani alimfundisha, atakutajia nyanya.

Nyanya wa Kichina hapatikani kwa tangazo. Anayepatikana, kwa mtu mwenye subira, ni mama wa Kichina aliyemfuata mumewe kazini na anayekaa nyumbani na mtoto wake siku nzima bila mtu wa kuongea naye. Hapa sheria inaingia. Mwenye pasi ya mtegemezi haruhusiwi kufanya kazi ya malipo bila kibali, na ukimlipa kimyakimya unamtia matatani yeye, na wewe pia. Ubadilishanaji unaziepuka pesa: mwanao anakwenda kwake Jumatano, mwanawe anakuja kwako Ijumaa, kule Kichina, huku Kiingereza, na uani kwa wote wawili Kijaluo na Kiswahili. Hakuna ada, na mtoto wa Kichina anayejiandaa kuingia shule ya hapa anafaidika kuliko wako. Kasoro yake ni kalenda. Ifikapo Sikukuu ya Masika, yaani mwaka mpya wa Kichina, mwezi wa kwanza au wa pili, familia hizo hupanda ndege na kurudi kwao kwa wiki kadhaa, na mradi ukikamilika haziji tena.

Ukimpata mwalimu wa Kikenya, mlipe kama mwalimu, si kama mwanafunzi anayejisaidia nauli. Na usione haya kuomba cheti cha maadili mema cha DCI. Maombi hufanywa kwenye eCitizen kwa shilingi 1,050, alama za vidole zinachukuliwa Huduma Centre, na mtu makini hatakasirika ukimwomba.

Halafu usimwulize mwanao atafanya mtihani lini. Upo mtihani wa watoto, YCT, na daraja lake la kwanza linadai maneno 80 tu, ambayo mtoto anayecheza na mwenzake atayavuka bila kujua kuna mtihani. Maandishi nayo yasiwe ya kwanza. Watoto wa China wenyewe huanza darasa la kwanza wakiwa na miaka sita hivi, tayari wanaisema lugha, na kitabu chao cha tangu 2016 kinaanza na herufi chache nyepesi, mbingu, ardhi, mtu, kabla hata ya kuwapa pinyin, mfumo wa herufi za Kilatini uliopitishwa mwaka 1958. Mwalimu anayefika siku ya kwanza na daftari la miraba na kumtaka mtoto wa miaka minne anyooshe mistari ni mwalimu wa watu wazima aliyepotea njia. Anayefaa utamwona amevua viatu, ameketi sakafuni, anahesabu visoda kwa Kichina na mtoto anamsahihisha anaporuka namba.

Na saa ya somo iwe ile ya chakula cha jioni, yaya akiwa papo hapo. Mwekee mwalimu sahani.