Je, Wajua? Pipa Linalotunza Baridi Kali Bila Umeme

Anayetoka Butembo kwenda Beni, miji ya Kivu Kaskazini nchini Kongo, anashuka. Butembo imekaa milimani, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi watu huvaa makoti ingawa ikweta iko jirani tu. Beni, kilomita hamsini na kitu upande wa kaskazini, iko chini zaidi, na mchana wake unatoa jasho. Katika miji hii, kuanzia Agosti 2018, ilibidi itunzwe baridi inayokaribia ile ya bara la Antaktika katikati ya majira yake ya baridi.

Tarehe 1 mwezi huo serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola Kivu Kaskazini. Siku saba baadaye watu walianza kuchanjwa Mangina, magharibi ya Beni. Chanjo yenyewe, rVSV-ZEBOV, ambayo baadaye ilipewa jina la Ervebo, ilikuwa na sharti gumu: itunzwe kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Friza la dukani, lile la kugandishia samaki, linafika nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Na wakati huo Butembo ulikuwa mji uliozoea kuishi kwa jenereta na sola.

Majokofu ya nyuzi 80 yapo, lakini ni makubwa, yanakunywa umeme usiku na mchana, wala hayapandi pikipiki. Ebola nayo haisubiri. Mgonjwa akionekana kijijini, wachanjaji huwafuata waliomgusa, kisha waliogusana na hao, popote walipo. Hapo ndipo lilipohitajika Arktek.

Ukilitazama ni pipa dogo la chuma lenye shingo nyembamba. Lilibuniwa karibu na Seattle, Marekani, katika mradi uliofadhiliwa na Bill Gates, na kuundwa na kampuni ya Aucma ya China. Halina injini, halina gesi. Kimsingi ni themosi ya chai, kifaa ambacho Mskoti James Dewar alikitengeneza mwaka 1892 kwa kazi za maabara: kuta mbili, na katikati yake ombwe, yaani hewa imenyonywa yote. Pasipo hewa, joto halina njia ya kupita, isipokuwa lile linalosafiri kama mwanga. Hilo nalo hurudishwa na karatasi nyingi zinazong'aa, za aina inayofunika vyombo vya angani. Mlango uko juu kwa sababu hewa baridi ni nzito: ukifungua friji ya mlango wa mbele baridi inamwagika miguuni, ukifungua pipa hili inabaki chini.

Kwangu mimi, ujanja mkubwa uko kwenye barafu. Barafu ikiyeyuka inameza joto jingi bila yenyewe kupanda hata nyuzi moja. Kuyeyusha kilo moja kunahitaji joto kama mara 80 ya lile linalopasha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja. Kwa chanjo za kawaida, barafu ya maji humo ndani inatosha mwezi mzima au zaidi. Kwa Ebola, maji yalibadilishwa kwa kimiminika kinachoganda kwenye baridi kali zaidi, na pipa likashika kama siku tano. Lilijaribiwa hivyo Guinea mwaka 2015.

 Arktek halitumii umeme, kwa hiyo likiharibika hakuna feni ya kusikiliza wala waya wa kupima. Unaligusa. Ganda la nje likiwa baridi, au likitoa jasho la umande, ombwe limeingiwa na hewa na pipa halifai tena. Ganda likiwa sawa lakini baridi imeisha mapema, uliza mambo mawili: vifurushi vya kimiminika hicho viliganda hadi ndani kabla ya kupakiwa, au jenereta ya majokofu ilizimika usiku? Na kifuniko kimefunguliwa mara ngapi? Mkuu wa timu anayefungua "kuhakikisha tu" ndiye anayeingiza joto.

Chanjo ikishayeyuka hairudishwi kugandishwa. Inahamia kwenye masanduku ya kawaida, nyuzi 2 hadi 8 juu ya sifuri, na hapo ina siku 14 tu. Safari ya mwisho kijijini ni ya masanduku hayo, mara nyingi juu ya pikipiki.

Mlipuko ule ulitangazwa kwisha Juni 25, 2020, baada ya vifo 2,287, na watu zaidi ya 300,000 walikuwa wamechanjwa. Miezi michache baadaye matajiri wa dunia walianza kuulizana namna ya kusafirisha chanjo ya korona ya Pfizer, iliyotaka nyuzi 70 chini ya sifuri. Februari 2021 Ebola ilirudi upande wa Butembo. Ilitangazwa tarehe 7, na tarehe 15 watu walikuwa tayari wanachanjwa.