Kifua na mbavu zinauma kisha kazi nzito: ni msuli ao ni ugonjwa?



Wakati wa kulima, na tena siku za kushusha mihogo na maharagi hadi soko la Kabamba, tunasikia lalamiko moja kila fasi: "Kifua kinaniuma, mbavu zinachoma." Wengine wanaogopa bure kwamba ni moyo. Wengine, na hao ndio wanatuhangaisha zaidi, wanasema "ni mzigo tu", wanabaki nyumbani, kumbe ugonjwa wa kweli unaendelea. Tuangalie namna ya kutofautisha.

Kinachoumia ni nini?

Mtu ana jozi 12 za mbavu. Kati ya ubavu na ubavu kuna misuli midogo inayosaidia kupumua. Upande wa mbele, mbavu nyingi zinaungana na mfupa wa katikati ya kifua kwa gegedu, yaani mfupa laini. Ukiinua jembe kutwa nzima, ao ukipanda mlima na mzigo mgongoni, misuli na gegedu vinavutwa kupita nguvu zake. Mara nyingi maumivu hayaji palepale. Yanakuja kesho yake asubuhi, ukigeuka kitandani.

Alama za msuli ni hizi: unaweza kuonyesha kwa kidole fasi inayouma, ukifinya pale, inauma zaidi, ukijipinda ao ukikohoa, inachoma, ukitulia, inapungua. Homa hakuna.

Ufanye nini nyumbani?

- Acha mzigo na jembe kwa siku chache, lakini usilale kutwa. Tembea polepole.
- Siku 2 za kwanza weka kitambaa cha maji baridi kwa dakika 15. Kisha tumia maji ya vuguvugu.
- Usikaze kifua kwa kitenge. Pumzi inakuwa fupi, na mapafu yanaweza kushikwa na ugonjwa. Kila saa vuta pumzi ndefu mara 10.
- Ukikohoa, kumbatia mto ao nguo iliyokunjwa.
- Mtu mzima anaweza kumeza vidonge 2 vya paracetamol vya miligramu 500, si zaidi ya mara 4 kwa siku, akiacha saa 6 katikati. Mwenye ugonjwa wa ini ao anayekunywa pombe nyingi aulize muganga kwanza.

Msuli unapona kwa wiki chache. Ubavu uliopasuka unaomba karibu wiki 6.

Usikawie ikiwa:

- Kifua kinabanwa kama kimewekewa jiwe, maumivu yanaenda mkononi ao kwenye taya, na jasho baridi linatoka. Nenda hospitali saa ileile, hata usiku.
- Pumzi inakatika, unakohoa damu, ao mguu mmoja umevimba. Hapo pia usingoje kuche.
- Una homa pamoja na kikohozi, ao maumivu yalianza kisha kuanguka. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.
- Kikohozi kimefika wiki 2, unakonda, unatoka jasho usiku. Omba kupimwa makohozi. Kifua kikuu kinapona, na dawa zake hutolewa bure.

Kituo cha afya kilicho karibu nawe kitakutuma hospitali ya Fomulac, hapa Katana, ikiwa inahitajika.

Koperative ifanye nini?

Tangu mwaka 1967, Shirika la Kazi la Kimataifa linashauri mwanaume mzima asibebe zaidi ya kilo 55, na mwanamke abebe kidogo sana kuliko hapo. Lakini kwetu ni wamama wanaobeba zaidi, na gunia la kilo 100 bado linapandishwa juu ya mgongo mmoja. Tunaomba kila kikundi kijadili jambo hili kwenye mkutano ujao: kugawa gunia tangu shambani, kupima kabla ya kubeba, na kuchanga feza ya pikipiki kwa mizigo ya mbali. Gunia likigawanywa, bei yake sokoni haipungui. Mbavu ikipasuka, shamba linakaa wiki 6 bila mlimaji.